Kulichakaza Kabati la Mama Mkwe

Kabati la vyombo lililetwa kwa lori kutoka Karema nilipoolewa, zawadi ya mama mkwe, mninga mtupu, na kwa miaka yote tuliyoishi Mpanda sikuruhusu mtu aweke juu yake hata sufuria ya moto. Binti yangu aliponiomba alipake rangi, nilikataa. Alipoomba tena nikakubali, kwa sababu vanishi ilikuwa imebabuka, na kwa sababu siku zile nilikuwa na hofu nyingine iliyoninyima nguvu za kubishana.

Mkandarasi aliyemwajiri mume wangu kutunza stoo alikuwa amemaliza barabara yake na kuondoka na mitambo. Mume wangu aliendelea kutoka kila asubuhi, shati limepigwa pasi, akizunguka kutafuta kibarua. Mama yake alikuwa anakuja kwetu kuhudhuria kliniki ya presha.

"Asijue," mume wangu aliniomba. "Akijua ataugua zaidi."

Nikakubali kunyamaza, mimi niliyezoea kuwakemea wanangu waliponyamaza kwa namna hiyohiyo, maana naamini mtu anaweza kudanganya bila kufungua kinywa.

Binti alipaka bluu, akaiacha ikauke. Akasugua mshumaa kwenye kona na kingo, akapaka nyeupe juu yake, kisha akashika msasa. Penye nta, nyeupe ilibanduka upesi na bluu ikachungulia. Alipokaza mkono, ilitokea mbao yenyewe. Alikuwa amejifunza kwenye simu.

"Kwa nini ukifanye kitu kizima kionekane kimechoka?" nilimuuliza.

"Ndiyo uzuri wake, mama. Kinaonekana kina historia."

"Historia kilikuwa nayo."

Alicheka, akaendelea kusugua. Mimi sikucheka. Katika kila kona aliyoichubua niliona mahali ambapo jicho la mgeni lingetua na kuanza kuuliza.

Mgeni mwenyewe alifika mchana huo kwa bajaji, msasa haujawekwa chini. Nilimwamkia, nikampokea mzigo. Alivua viatu, akaketi, akalitazama kabati lake kwa muda mrefu.

"Mke mwenzangu," alimwambia mjukuu wake, "panya wa Mpanda siku hizi wanakula mpaka rangi?"

"Ni fasheni, bibi! Nimelichakaza makusudi."

"Makusudi! Sisi tumehangaika maisha yetu yote kuficha uchakavu, nyie mnautafuta kwa msasa?"

Alicheka hadi machozi yakamtoka, nami nikapumua. Kisha akainuka, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo ulioparuzwa, na kicheko kikamwisha.

"Mkwe wangu, mtoto ananitania ili nisiulize. Niambie wewe. Mwanangu bado ana kazi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: ni fasheni tu, mama. Ningeweza kuapa kwamba kila neno lake ni kweli, na hilo ndilo lililonitisha, kwa kuwa ningeutumia ukweli wa kabati kufunika uongo wa nyumba nzima. Niliifikiria presha yake. Nilimfikiria mume wangu, na ahadi niliyompa. Binti yangu, aliyejua yote, alikuwa amesimama na msasa wake mkononi, akiutazama mdomo wangu.

"Kabati ni fasheni, mama," nilisema. "Lakini mwanao hana kazi. Barabara ilikwisha."

Hakulia.

"Sasa kila asubuhi anakwenda wapi?"

"Kutafuta."

"Na mimi mama yake nifichwe?"

"Alihofia presha yako."

Alimwagiza mjukuu wake maji, akameza dawa yake, akakigeuza kiti kikaelekea mlangoni. Hakuniambia kama nimefanya vema au vibaya, nami sikuthubutu kumuuliza. Kila pikipiki ilipopunguza mwendo pale nje, sote watatu tulibana pumzi zetu, tukisikiliza kama ni mume wangu anashuka.