Kilio cha Watu wa Filamu

Nina nyumba ya video hapa Kasongo, na nitaanza kwa kulalamika, maana nisipolalamika mwanzoni nitalalamika katikati. Nimenunua paneli za jua. Nimenunua betri mbili, nimepaka kuta rangi, nimepanga mabenchi kumi na manne. Halafu anayejaza nyumba yangu si mimi, wala si wale Wachina wanaopigana juu ya mapaa. Ni mwanamke anayeuza sombe, majani ya muhogo, sokoni, jina lake Olga, ambaye sisi sote humwita Mama Plamedi kwa jina la binti yake.

Mume wake ni Bulaimu, fundi wa viti vya mianzi. Bulaimu haoni. Inzi wadogo weusi wa mtoni walimuuma miaka na miaka akiwa kijana kule Nyangwe, na macho yakaondoka kidogo kidogo, mpaka yakaisha. Olga alipomleta kwangu mara ya kwanza, miaka kumi na miwili iliyopita, nilimwuliza wazi, mimi mdomo wangu hauna breki: mtu asiyeona anakuja kufanya nini kwenye filamu? Akanijibu, "Papa Christophe, wewe weka filme. Macho iko yangu."

Wakakaa benchi la tatu, karibu na ukuta, yeye kuume kwa mume wake, mdomo sikioni. Shida ni kwamba Olga hajui kunong'ona. Mungu alimpa sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Juma la kwanza watu walimwambia anyamaze. Juma la pili wakaanza kusogeza mabenchi upande wake, kwa sababu filamu zangu nyingi ni za Kichina na za Kihindi, hakuna anayeelewa neno, na Olga, ambaye naye haelewi neno, alizisimulia kama mtu aliyelelewa katika nyumba ile ile. "Ona huyu mama mukwe, anacheka na meno tu. Anaficha barua. Aah, ameiweka ndani ya mukate!" Nyumba nzima inashusha pumzi kwa pamoja.

Sasa nifike kwenye dhambi yetu. Jioni moja ya juma lile la pili shujaa wa filamu alianguka kutoka mlimani, akafa, na farasi wake akafa juu yake. Bulaimu alikuwa ameshika mkono wa gauni la mke wake. Tangu macho yazimike alikuwa hasemi na mtu, kiti hafumi, chakula anakionja na kukiacha. Akauliza, "Na sasa?" Olga akatazama kitambaa cheupe cha filamu ukutani, akamtazama mume wake, akasema, "Ameshika tawi. Anapanda. Amepona!" Bulaimu akacheka. Sisi wengine tukabaki midomo wazi. Ndipo mimi, mimi mwenyewe, sitamsingizia mtu, nikapiga makofi ili uongo ule upate miguu. Na nyumba nzima ikanifuata.

Basi ikawa desturi. Kila aliyekufa kwenye filamu zangu, Olga alimponya, nasi tukashangilia. Wachimba dhahabu wa Lusangi waliokuja mjini kupumzika walishangaa kuona watu wazima wanapiga makofi huku jeneza linashuka kaburini. Tuliwakanyaga miguu mpaka nao wakapiga. Hakuna aliyewahi kumwambia Bulaimu. Mji huu hauwezi kuficha hata mimba ya wiki mbili, lakini hilo tulilificha miaka kumi na miwili.

Mwaka huu akaja Aimée. Huyu ni katibu wa chama cha walemavu, anatembea kwa magongo mawili na ana haraka kuliko sisi wenye miguu. Akaweka simu yake mbele ya pua yangu. "Papa Christophe, kuko festivali ya filme ndani ya intaneti. Filme zote ni za watu kama sisi, na wengi wao njo wamezitengeneza wenyewe. Juma mbili, bure. Tunataka nyumba yako, kila siku saa tisa."

Nilikataa kwa sababu tatu, akazivunja zote tatu. Akaniambia tena kwamba kila filamu ina maandishi chini kwa wasiosikia, na mtu anayesema kwa mikono pembeni, na kwa wasioona ipo sauti inayoeleza kila kinachoonekana, tena kwa Kiswahili. Niliposikia hilo la mwisho nilipaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilikuwa nafikiria betri.

Siku ya kwanza nyumba ilijaa. Dady, seremala asiyesikia, alisoma maandishi na kucheka kabla yetu, kisha akatugeukia kwa dharau ya mtu aliyetutangulia miaka yote bila sisi kujua. Msichana mmoja kwenye filamu alicheza mpira wa kikapu juu ya kiti cha magurudumu, na Aimée akapiga sakafu kwa gongo mpaka nikaogopa saruji yangu. Lakini aliyefurahi kupita wote alikuwa Bulaimu. Sauti ilikuwa ya dada wa pwani, Kiswahili kimenyooka, hana haraka wala hachoki. "Mwanamume anafungua dirisha. Mvua imekoma." Bulaimu alikaa kichwa mbele kama anayenusa chakula. Kwa filamu iliyokuwa na kipofu aliuliza tu, "Kwa nini hawa wote wanavaa miwani nyeusi? Mimi sina hata moja."

Olga alikaa kuume kwake, mikono mapajani, hana kazi. Akaniegemea akaniambia, "Huyu dada hapumue?" Nilimwona ana wivu, na nilifurahi kidogo, maana mimi pia kwa miaka mingi nilikuwa na wivu naye.

Siku ya tisa tukaonyesha filamu ya mwokaji mikate asiyeona, anayeishi na mama yake mzee. Filamu nzuri, ya taratibu. Mwishoni mama yuko kitandani, mwanawe amemshika mkono. Dada wa pwani akasema, "Mama anafumba macho. Mkono wake unalegea. Hapumui tena."

Na sisi tukapiga makofi.

Naapa hakuna aliyekusudia. Mikono ilikwenda yenyewe. Watu sabini walimshangilia marehemu kwa nguvu zote, wengine kwa vigelegele, kisha tukasikia tunachofanya, na makofi yakafa moja moja mpaka likabaki la Mathilde peke yake, yule mama wa maandazi, ambaye siku zote ni wa mwisho kuelewa.

Bulaimu akasimama. "Mama ya mutu amekufa. Munapiga makofi juu ya nini?"

Nilisikia betri yangu ikivuma.

Nilimwona akirudi nyuma katika kichwa chake, filamu baada ya filamu, makofi baada ya makofi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mama Plamedi, yule wa mulima alishika tawi kweli?" Olga akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, haikutoka sauti. Bulaimu akachukua fimbo yake, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akaenda zake peke yake. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona, hata siku nilipoangukia mtaroni mbele ya askofu.

Kesho yake asubuhi akaniita kwake. Nilikwenda na maneno mengi ya kujitetea, sikupewa nafasi.

"Kaa. Yule dereva wa lori?"

"Alikufaka."

"Yule mwalimu mwenye wanafunzi wabaya?"

"Alikufaka."

"Yule wa mulima?"

"Alikufa. Na farasi."

"Na farasi!" Akashika tama. Nadhani farasi ndiye aliyemuuma zaidi. Alihesabu kwa vidole, vyake na vyangu, tukarudia tena, tukafika watu thelathini na mmoja. "Watu thelathini na moja, Papa Christophe. Niliwashangilia wote, sikulilia hata moja. Mimi si mutu wa vile. Kilio itakuwa siku tatu, hapa, leo."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Saa sita turubai lilikuwa juu, viti vyake vyote vya mianzi viko uani. Watu walikuja wakicheka, lakini wakaja na kuni na viazi vitamu, kwa sababu kilio ni kilio. Mzee Iliasi wa msikitini alitaka kujua hawa Wachina tuwaombee kwa dini gani, na mabishano hayo peke yake yalikula nusu siku. Kila mmoja aliyekuwepo benchini alisimama akasimulia mwisho wa filamu moja, ule wa kweli. Bulaimu alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Pole yake." Kisha anayefuata. Nilicheka sana siku zile mbili, nisidanganye.

Olga tu ndiye hakucheka. Alipikia watu wote na Bulaimu hakumwambia neno. Akitaka maji alimwambia Mathilde, na Olga amesimama hatua moja pembeni. Jioni ya pili alinijia nyuma ya nyumba, macho mekundu. "Mimi njo ninamuambia nani ameingia, chakula iko upande gani, Plamedi ameandika nini. Akikataa kinywa yangu, ataishi namna gani? Na mimi nitaishi namna gani?" Nilimwambia apumzike, neno la kijinga la mwanaume asiye na jibu.

Siku ya tatu, tulipomaliza maiti wa mwisho na watu wanaanza kutafuta viatu vyao, Bulaimu akasema, "Mama Plamedi, kuja."

Akaja, akakaa mkekani mbele yake.

"Plamedi alishinda mitihani kule Kabambare, kweli?"

"Kweli. Ni wa pili katika darasa."

"Kaka yangu wa Nyangwe iko muzima?"

"Iko muzima na analewa kila siku." Watu wakacheka, na hata kwenye uso wa Bulaimu kitu kikapita.

"Bon. Na papier ya munganga?"

Hapo Olga akainamisha kichwa. Wengi wetu hatukujua habari ya karatasi yoyote. Kumbe mwaka ule macho yalipoisha walisafiri mpaka hospitali ya mbali, daktari akaandika karatasi kwa Kifaransa, na Olga ndiye aliyeisoma. Alisema inasema subira. Alisema mishipa inalala, inaweza kuamka. Bulaimu alikuwa amesubiri tangu siku ile. Kila asubuhi kabla ya kuamka alifumbua macho, akangoja kidogo, akafumba, akafumbua tena. Alituambia hivyo mbele yetu sote, bila hasira.

"Munganga alisemaka nini, Mama Plamedi?"

Nilimwona Olga akitafuta tawi la kushika. Naapa nilitaka alipate. Kama makofi yangeweza kusaidia ningepiga mpaka ngozi ya mikono itoke.

"Alisemaka hayatarudi," akasema. "Siku ile ile. Alisema hayatarudi hata siku moja."

Kuku alipita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza. Kisha Bulaimu akasema, "Basi musiende. Kilio iendelee siku moja tena."

Waliokuwa wamevaa viatu wakavivua. Hapo ndipo kilikuwa kilio. Mzee Iliasi aliomba bila kubishana na mtu, na wanawake walilia, na Dady, ambaye hakusikia hata neno moja, alitazama nyuso zetu akaelewa yote, akalia naye. Olga alilia kwa sauti yake yote. Mimi nililia pia, na atakayesema ni moshi wa kuni nitamwacha aseme. Bulaimu mwenyewe alilia kidogo tu, akasogea mkekani akipapasa, mpaka goti lake likagusa goti la mke wake, akakaa hivyo.

Festivali ilikuwa na siku moja imebaki. Sikumtarajia Bulaimu, lakini saa tisa waliingia wote wawili, benchi la tatu, Olga kuume. Nikaweka filamu. Dada wa pwani akaanza: "Kituo cha treni. Asubuhi."

"Papa Christophe," Bulaimu akaita, "nyamazisha huyu dada kidogo. Anasema vizuri sana, lakini hanijue."

Aimée akabonyeza kitu kwenye kompyuta. Olga akakohoa, akashika kazi yake. Ilikuwa filamu ya kijana mwenye mguu wa chuma anayemngoja mpenzi wake kituoni, na Olga alituelezea koti lake, maua yake, saa ya ukutani, mpaka treni ya mwisho ikafika, watu wakashuka, mlango ukafungwa.

"Na sasa?" akauliza Bulaimu.

Nikakalia mikono yangu.

"Hakuja," akasema Olga.

"Tazama vizuri."

"Nimetazama, Papa Plamedi. Hakuja. Maua ameiweka kwenye benchi. Anaenda kwake."

"Anatembea namna gani?"

"Polepole. Mguu unamuuma."

Bulaimu akashika mkono wa gauni lake. "Mufuate," akasema. "Usimuache mpaka apotee."

Naye Olga akamfuata, hatua kwa hatua, kwa sauti yake kubwa, mpaka barabara ikabaki tupu.