Bibi Alionja Kwanza

Ilianza Jumapili, saa kumi jioni, Bibi alipoingia uani kwetu Kilema na kibuyu cha maziwa mgando. Shangazi alimfuata na kichane cha ndizi. Walikuja kumwona Mama.

Mama alikuwa ametoka hospitali mjini Moshi wiki ile. Kinga ya mwili wake inashambulia ini lake mwenyewe. Mimi ndiye niliyemsindikiza, kwa hiyo daktari alinieleza mimi. Damu ya utumboni, alisema, hupita kwanza kwenye ini. Utumboni wanaishi bakteria wengi, na wengi wao hawana ubaya, hata wanaizoesha kinga kutulia. Lakini ukuta wa utumbo ukilegea, wanapenya mpaka kwenye ini, na walinzi wa pale, yaani hiyo kinga, wanawaka. Vidonge vya Mama vinawapoza hao walinzi. Sasa wakipoa, vijidudu vya nje vikiingia, nani atavizuia? "Maziwa yasiyochemshwa asiguse," alisema. Niliitikia kwa kichwa tu. Mimi kuongea na watu wazima ni shida.

Bibi akamimina kikombe. Akaonja kwanza yeye, kama ilivyo desturi kwetu, kuonyesha hakuna sumu. Kisha akampa Mama. Hapo ukikataa, umemwita mkweo mchawi.

Mama alishika kikombe, akaniangalia.

"Bibi," nikasema kwa sauti ya chini, "hayajachemshwa."

"Yakichemshwa yatagandaje?"

"Daktari amesema yana bakteria."

"Ndio nini hao?"

"Vijidudu. Havionekani."

Shangazi akacheka. "Jamani, msomi wetu kaona visivyoonekana! Ndiyo hayo masomo yake ya jioni shuleni."

Bibi hakucheka. "Kibuyu hiki nakisafisha kwa kaa la moto tangu baba yako hajazaliwa. Alikunywa humu, na wewe umekunywa humu. Leo kina vijidudu?"

Nilitaka kusema kwamba sisi walinzi wetu wako macho, wa Mama wamelazwa na dawa. Kichwani sentensi ilikuwa imekamilika kabisa. Mdomoni haikufika. Nilikuwa nakwaruza udongo kwa kidole cha mguu.

"Mwache mtoto, Mama," Mama akamwambia Bibi. Akanywa. Akanywa yote, akashukuru kwa Kichaga, "Aika."

Bibi akafurahi, akamfunika miguu kwa kitenge chake mwenyewe. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba anampenda kweli.

Usiku Mama alitetemeka. Sijui kama ni maziwa. Labda ni ugonjwa wenyewe. Baba alipiga simu kutafuta gari, mimi nikamshika mkono Mama. Ulikuwa wa moto, na sikuwa na la kufanya zaidi ya kuushika.

Asubuhi, Baba na Mama walipoondoka kwenda hospitali, nilikata jani la isale mpakani mwa kihamba chetu, shamba la migomba la nyumbani. Mtu akikuletea jani hilo kuomba msamaha au jambo lolote, humfukuzi. Nikashuka kwa Bibi, nikamnyooshea bila hata shikamoo.

Akalitazama. "Umekosa nini?"

"Sijakosa, Bibi. Naomba usimpe tena. Hata ukionja kwanza."

Akauliza Mama amelalaje, nami nikamwambia. Akakaa chini palepale mlangoni, jani mkononi. Nikaingia jikoni kwake, nikawasha moto, nikabandika maziwa ya asubuhi, ya Mama. Nikasimama nayo mpaka yakachemka.