Ngozi Isiyo na Tundu

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda kutoka Bariadi mjini kwenda kwenye kilima nilikochungia mbuzi nikiwa mdogo. Nilikisikia kabla sijakiona: ko, ko, ko. Watu wanapasua mawe kupata kokoto. Nusu ya kilima imekwisha. Nilisimama na fimbo yangu, vumbi jeupe likinitua kwenye viatu, nikatafuta kwa macho mkuyu mmoja ulioota kati ya mawe mawili makubwa. Bado upo, rafiki yangu. Ukweli ni kwamba nilitamani usiwepo.

Bibi yangu, mama yake baba, aliishi chini ya kilima hicho, na mimi niliishi naye. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, akivichemsha mpaka nyumba nzima inanukia utamu. Kisha mimi nilifungulia mbuzi, naye akaingia kwenye mtama wake. Shamba lilifika mpaka kwenye mawe kabisa, mahali ambapo mtu mwenye akili asingelima, maana ng'ambo ya kilima nyani walikuwa wengi kama siafu. Lakini mtama wa bibi hawakuugusa. Ulikuwa na mlinzi, chui jike aliyeishi kwenye mawe yale.

Bibi hakumtaja chui kwa jina. Alimwita mama wa mawe. Tulipokwenda kuokota kuni alinifundisha kumsoma. Alinionyesha gome la ule mkuyu lililokwaruzwa, juu kuliko kichwa changu. "Hapa anawaambia wenzake kwamba pana mwenyewe." Alinifundisha sauti yake, ambayo si mngurumo. Ni kama mtu anayepasua ubao kwa msumeno mbovu, mara nne, mara tano, halafu kimya. "Simba anatangaza," bibi alisema. "Huyu anakohoa tu, na wanaohusika wanasikia." Hutembea peke yake. Hula anachokipata: nyani, pimbi, kwale, hata panzi siku mbaya. Mbwa ndio anawapenda sana, kwa hiyo jua likianza kushuka bibi alimshika mbwa wetu shingoni na kumwingiza ndani.

Asubuhi moja tulimwona akivuka majani. Mkia ameuinua, ncha imejikunja, upande wake wa chini mweupe kama pamba. Nyuma yake watoto wawili walifuata ule weupe, maana majani yaliwazidi kimo na hawakuona kingine. Bibi alinibana bega.

"Umeona?"

"Nimeona, bibi."

"Haya, sasa sahau."

Akaniambia na jambo moja zaidi, ambalo asingeniambia kama angejua mimi ni mtu wa namna gani. "Ana kosa moja tu. Nyama akishaipandisha mtini, lazima airudie."

Zamani hizo kwetu, aliyeua chui alivaa ngozi yake na kuzunguka kaya kwa kaya akicheza, na kila kaya ilimtunza. Jina lake lilikaa. Baba yangu mdogo, kitinda mimba wa bibi, hakuwa na jina la namna hiyo. Alikuwa mcheshi, na ndiye mtu mzima pekee aliyeniachia niongoze maksai wakati wa kulima. Nilimpenda kuliko watu wote. Wenzake walimtania mbele yangu: "Wewe mkuki wako ni wa kuanikia nguo?" Alicheka nao, lakini mimi niliona shingo yake ikivimba.

Siku moja alinifuata malishoni. "Mtu wangu, bibi yako amekuonyesha kitu. Hebu nami nionyeshe."

"Bibi alikataza."

"Nataka nimwone tu. Simgusi. Kwani mimi si baba yako?"

Nikampeleka kwenye mkuyu. Swala mdogo alining'inia kwenye panda, ameliwa nusu. Sikuishia hapo. Nikamweleza kwamba mwenyewe atarudi, lazima arudi. Nilijisikia mkubwa sana kumfundisha mtu mzima.

Siku ya pili yake nilikuta tai wawili wamekufa chini ya ule mti. Halafu nikasikia harufu. Kila kaya ya wakulima wa pamba iliijua harufu ile, ilitukaa kwenye nguo msimu wote wa kupulizia. Baba mdogo alikuwa ameipaka nyama dawa ya pamba. Chui mwenyewe alikutwa kwenye mto uliokauka. Alikuwa amechimba mchanga, akitafuta maji.

Baba mdogo alisema amemchoma mkuki, ana kwa ana. Ngoma ikapigwa, watu wakajaa uani kwa bibi, naye akaingia na ngozi mgongoni, akiruka na kunguruma kwa sauti ya simba. Hata sauti ya chui hakuijua. Bibi alimsogelea, akaipapasa ngozi kutoka shingoni mpaka mkiani, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Mwanangu," akamwambia, "tundu la mkuki liko wapi?"

"Mama, limejiziba lenyewe! Si unajua dawa zangu?"

Watu wakacheka. Kisha akanyanyua mikono, akanipandisha mabegani. "Huyu hapa ndiye macho yangu! Bila yeye mti ningeujulia wapi?"

Wakanishangilia. Na mimi, rafiki yangu, nimezeeka nikitafuta neno jingine la kuweka hapa na sijalipata: nilifurahi. Nilitikisa mabega kwa mapigo ya ngoma. Nilipomtafuta bibi, alikuwa ameshaingia ndani.

Asubuhi mbili tuliwasikia wale watoto wake wawili wakilia maweni. Asubuhi ya tatu hatukuwasikia.

Mtama ulipoanza kukomaa, nyani wakashuka. Kwanza mmoja, akakaa juu ya jiwe akitazama. Kisha wote. Tulipiga madebe mpaka mikono ikaota malengelenge, lakini walituzidi, na mwaka ule bibi alikula kwa kuomba kwa ndugu. Baba mdogo hakuja kulinda hata siku moja. Alikuwa anacheza ngozi yake huko Nassa. Nilimchukia miaka mingi, na alistahili. Alinidanganya, kisha akanitaja mbele ya watu. Lakini yeye hakuambiwa asahau. Mimi niliambiwa.

Bibi hakunichapa. Aliacha tu kuniamsha kwenda kuni. "Lala, mjukuu wangu, umechoka," alisema, akachukua kamba yake na kwenda peke yake. Hakunionyesha kitu tena. Jua likishuka aliendelea kumwingiza mbwa ndani. Nilimuuliza, kwani bado yupo?

"Hayupo," akajibu. "Mkono umezoea."

Bibi hayupo, baba mdogo hayupo. Siku hizi mbwa wa pale wanalala nje, na hakuna anayejua kwamba hilo ni jambo la ajabu. Nilikuwa nimeweka kiganja kwenye gome la mkuyu, kwenye mikwaruzo iliyotanuka kadiri mti ulivyonenepa, pale mama mmoja mpasua kokoto aliponifuata.

"Mwadila, guku," akanisalimu kwa Kisukuma, kama mtu anayemwamkia babu yake. "Umepoteza nini?"

"Zamani hapa palikuwa na chui."

Akacheka, akajifuta vumbi usoni. "Chui? Huku kwetu? Haya, alikuwa anakaa jiwe lipi?"

Nililijua. Lilikuwa bado zima, hatua kumi kutoka tuliposimama. Nikaondoa mkono kwenye mti.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Nimesahau."