Tanga Lililonyooshwa

Mke wangu hushona mapazia, na mtu wa kazi hiyo hawezi kutembelea nyumba ya watu kwa amani. Tukialikwa mahali, wengine wanasalimiana, yeye macho yako dirishani. Pindo likiwa limepanda upande mmoja, hata kwa unene wa kidole tu, chai haimshuki. Mimi natengeneza friji, lakini sijawahi kufungua friji ya mwenyeji wangu kukagua mpira wa mlango.

Vitu viwili tu viliwahi kumsahaulisha mapazia: pacha wetu, na ubao. Nasema ule ubao wa kusimama juu ya maji, wenye mlingoti na tanga. Unalishika tanga kwa mikono miwili, upepo unakupeleka. Alijifunza ziwani kabla hatujaoana, na ndiko nilikomwona mara ya kwanza, amelowa chepechepe na anacheka. Kisha siku moja akateleza kwenye ngazi za mteja akiwa amekumbatia mapazia ya sebule nzima, goti likapinduka. Daktari akamwambia apumzike miezi mitatu. Akapumzika miaka sita. Goti lilipona zamani, kilichobaki ni mazoea ya kusema, "Nitaanza mwezi ujao."

Mwaka huu klabu ya pale ziwani ikachoka kumsubiri. Banda la kuhifadhia mbao hizo za tanga ni dogo, rafu ni chache, na kanuni yao ni kwamba asiyeonekana majini kwa muda mrefu anaachia rafu yake, isipokuwa kama atalizunguka boya jekundu na kurudi kwa upepo, bila kuvutwa na mtu. Mwisho Jumapili. Na wa kwanza kwenye foleni ya kuitaka rafu hiyo alikuwa dada yangu wa tumbo moja.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, wifi," dada alimwambia, amejinyoosha kwenye kochi letu. "Na hizo ngoja zako zinaniuma mimi. Ubao wangu unalala barazani kama mgeni asiyetakiwa. Niko wa kwanza kwenye foleni."

"Kutangulia si kufika, wifi."

"Na kukaa je, ndiko kufika?"

Nikatoka kwenda kuangalia friji ambayo haikuwa na tatizo lolote. Kati ya mke na dada, mwanamume mwenye akili hujitafutia kazi.

Dada alipoondoka, mke wangu alinieleza kilichomkaa moyoni. "Si rafu, Baba Pacha. Nikiiachia, nitakuwa nimekubali kwamba yule mwanamke uliyemkuta ziwani ameshaisha." Nilimwelewa vizuri sana, maana hata mimi nilikuwa nimemkumbuka yule mwanamke.

Panya walikuwa wamelila tanga kwenye kona, kwa hiyo akalileta kwenye chumba chake cha kushonea, akalitandaza juu ya meza ya kukatia ili aweke kiraka. Hapo ufundi ukamponza. Kiraka kiliisha upesi, lakini akaona kitambaa hakitaki kulala. Katikati kimevimba, mishono imepinda.

"Aliyelishona hili alikuwa na haraka zake," akasema, akachukua wembe.

Alifumua, akapima, akaingiza ndani ya mshono kila kilichozidi, akalishona upya na kulipiga pasi. Alipolining'iniza kwenye fimbo ya mapazia likaanguka wima, halina mkunjo hata mmoja. Mteja mmoja akauliza kama analo la kijivu.

Jumamosi asubuhi tukaenda ziwani. Upepo ulikuwepo, kofia yangu iliondoka bila kuaga. Mke wangu akapanda ubao, akalivuta tanga kutoka majini, akakunja magoti na kungoja. Hakuna kilichotokea. Tanga lilipigapiga tu, na ubao ukamsogeza kiubavu, polepole, mpaka kwenye matete. Akaanguka, akapanda, akaanguka tena.

"Wifi," dada akaita kutoka gatini, "hilo dirisha unalolifunika liko wapi?"

Nilidhani mke wangu atalia. Badala yake akakaa juu ya ubao, miguu majini, akalipapasa tanga kwa kiganja kutoka ukingo hadi ukingo, kisha akaanza kucheka peke yake. Nikaingia maji ya kiuno kwenda kumvuta.

"Nimelinyoosha," akaniambia. "Upepo unataka mahali pa kujaa. Tanga lazima liwe na tumbo, na tumbo lenyewe nimelishona lote. Baba Pacha, nimeshona pazia."

Mchana tulikuwa mezani tukifumua. Bahati nzuri matundu ya sindano ya kwanza yalikuwa yamebaki kwenye kitambaa, kwa hiyo alijua kila mshono ulikopita. Dada akaja, eti kuchukua mito yake iliyokuwa inashonwa. Akatutazama, akavuta kiti, akaninyang'anya wembe.

"Usidhani nakuonea huruma," akamwambia wifi yake. "Nikiichukua rafu yako, sitaki watu waseme nilisaidiwa na cherehani."

Walikaa goti kwa goti wakitukanana hadi jua likashuka. Sikuwahi kuwasikia wakiwa na furaha namna ile.

Jumapili alisimama, akaanguka. Mara ya pili tanga likajaa, pua ya ubao ikainuka, na mke wangu akaondoka. Kwenye boya akageuza tanga na kuhamisha miguu, na goti, ambalo nililiombea kuliko nilivyowahi kujiombea mwenyewe, likatii. Akaanza kurudi. Mtunza banda, mama mwenye filimbi shingoni, alipoona ubao umefika maji ya magoti akapuliza: rafu ni yake. Dada yangu alipiga makofi kunishinda, kisha akakumbuka alichopoteza na kununa.

Mke wangu alikuwa karibu kiasi cha kuonekana meno. Nikafungua taulo. Akatutazama, akageuza tanga, akaelekea tena kwenye boya, akalipita, akaendelea.

"Anakwenda wapi?" dada akauliza. "Si ameshashinda? Kaka, mwite arudi."

Nikalikunja taulo.

"Mwite wewe," nikamwambia.