Waziri Aliyekuwa Jirani Yetu Juru

Nimewajua wanasiasa waongo kadhaa, na wengi nimewasamehe, kwa sababu mwongo angalau anajua anachokificha. Huyu ninayemkumbuka hapa hakudanganya mtu. Alikuwa mtu wa msimamo wa wastani, mpole, mpenda mageuzi ya taratibu, na upole huo ndio uliompotezea baba yangu kadi yake ya ukimbizi.

Tulifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 1996 tukitokea Kivu Kusini, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili. Yeye alipewa kiwanja kando ya chetu, upande wa kambi uitwao Juru. Alikuwa amefundisha sekondari, alikuwa shemasi wa kanisa letu, na watu wote walimwita Mwalimu. Kulima hakujua. Maharage yake yalimezwa na magugu huku yeye amekaa mlangoni akiandika muhtasari wa mkutano uliopita.

Mikutano ndiyo ilikuwa shamba lake. Mwaka fulani posho yetu ya mahindi ilipunguzwa. Vijana walitaka wakakae barabarani mbele ya ofisi ya kambi, wazee walitaka tunyamaze tusije tukafukuzwa. Mwalimu akasimama katikati, akaunda tume. Tume ikaomba mageuzi, na baada ya miezi mingi ofisi ikakubali kuleta benchi moja ili wazee wakae wanapongoja mahindi. Mahindi hayakuongezeka hata punje, foleni haikufupika hata hatua, lakini benchi lilikuja, na Mwalimu akalizindua kwa sala.

"Haraka haraka haina baraka," alituambia.

Mama yangu, aliyekuwa amesimama pale tangu asubuhi, akamjibu, "Mwalimu, na ngoja ngoja inaumizaka matumbo." Watu walicheka. Mwalimu naye alicheka kwa adabu, akaandika kwenye daftari kwamba maoni ya akina mama yamepokelewa.

Baba alimpenda. Baba hakusoma, na aliamini kwamba mtu asiyepandisha sauti lazima anafikiri. Nilimwambia mara nyingi kwamba hata mbuzi hapandishi sauti akiwa anakula shamba la mtu. Hakucheka.

Vita vilipotulia kidogo kwetu Kivu, Mwalimu akarudi, akaingia chama ambacho hakikuwa cha serikali wala cha upinzani. Tulijaribu kukielewa kupitia redio, tukashindwa. Miaka michache baadaye tukasikia amekuwa waziri wa jimbo, waziri wa ardhi. Juru nzima ilipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, na mpaka leo naona aibu.

Mageuzi yake ya ardhi yalikuwa hivi. Aliyekuta shamba tupu akalilima apewe karatasi ya muda. Aliyekimbia, siku akirudi, asikilizwe. Halafu pande zote mbili zipatanishwe kwa awamu. Redioni ilisikika vizuri sana. Mtu yuko ndani ya nyumba yako na karatasi mkononi, na wewe uko nje unasikilizwa.

Alipokuja kututembelea, alikuja na magari manne kutoka mjini Mbarara. Wakati huo mama alikuwa ameshafariki, na mimi nilikuwa nimeolewa Kakoba, mtaa wa Mbarara, nauza mitumba, nina kadi yangu mwenyewe. Nilikwenda Juru Jumapili hiyo kwa sababu baba aliniomba nije nimwone "mtoto wetu" akiwa mkubwa. Waziri alihutubia kanisani kwetu, maana hapakuwa na ukumbi mkubwa kuliko ule. Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kosa ambalo watu wa kanisa lingine wasingelifanya.

Kwetu, mhubiri akimaliza huwaita watu. Kinanda kinapigwa taratibu, vichwa vinainama, na anayetaka kubadili maisha yake anasimama na kupita mbele. Ukishapita mbele ya kanisa zima huwezi tena kurudi nyuma. Nimeona mtu aliyeacha pombe kwa namna hiyo akatetemeka wiki mbili, na hakuigusa tena.

Mwalimu alihutubia kama waziri, akamaliza kama shemasi. "Bandugu zangu," akasema, "kwetu kunaanza kuwa muzuri. Sisemi kila fasi, lakini fasi mingi. Nani atafungua njia? Nani atakuwa wa kwanza kurudia kwabo?" Mpiga kinanda, kwa mazoea, akaanza kupiga. Vichwa vikainama. Sijui kama Mwalimu alikusudia. Nadhani hakukusudia, kwa sababu kukusudia jambo hakukuwa tabia yake. Lakini aliona baba yangu anasimama, aliona anapita mbele, aliona familia saba zinamfuata, na hakusema, "Kaeni kwanza, hii si ibada." Karani wake akawaandika palepale, wakaweka dole gumba, naye akakusanya kadi zao azipeleke ofisini.

Nje nilimshika baba mkono. "Papa, uliwaza kweli?"

"Nilipita mbele ya kanisa, binti yangu. Unataka nirudi nyuma?"

Alikaa kwetu Kivu miezi mitano. Shambani alimkuta mwanamume mwenye karatasi ya muda, na chini yake sahihi ya Mwalimu. Alisikilizwa mara tatu. Kabla ya mara ya nne, watu wenye bunduki waliichoma nyumba ya muumini aliyempokea, na baba akarudi Uganda kwa miguu na kwa malori, miguu imevimba hadi magoti. Ofisi ya Nakivale ikamwambia jina lake limefutwa. Alirudi kwao kwa hiari, aliweka dole gumba kwamba kwao ni salama, na kiwanja chake cha Juru ameshapewa mwingine. Kama anataka kuandikwa tena, alete barua ya kiongozi wa kwao inayosema hakuweza kukaa.

Bila kadi hakuna posho, hakuna kiwanja, hakuna karatasi ya kumwonyesha askari. Baba akaja kuishi kwenye chumba changu Kakoba. Mtu aliyezoea kutembea nyuma ya ng'ombe kutwa nzima sasa alikuwa anachungulia mlangoni kabla ya kwenda chooni.

Nikapata habari kwamba Mwalimu yuko Mbarara kwenye semina, juu ya ardhi na maridhiano kama kawaida. Nikamfuata hotelini.

"Ekselansi," nikamwambia, "andika tu mustari moja. Huyu muzee alirudi, akakosa fasi ya kukaa."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. Huruma alikuwa nayo tele. "Binti yangu, naelewa uchungu wako. Lakini nikiandika vile, ba upinzani batasema mageuzi imekufa, na ba serikali batasema niko mupinzani. Tuende pole pole." Akaniagizia soda. Niliinywa yote, kwa sababu nilikuwa nimekuja kwa miguu na nilikuwa na kiu, na hilo nalo liliniudhi.

Miaka ikapita. Mpanda ngazi hushuka, na Mwalimu alishushwa na pande zote mbili kwa pamoja. Upinzani ulimwita kibaraka, serikali ikamwita msaliti, na nyumba yake ikavamiwa. Akakimbilia Mbarara, akapanga Kakoba, mitaa mitatu kutoka kwangu. Alipokwenda Nakivale kujiandikisha aliambiwa alete shahidi, mtu wa kwao anayemfahamu tangu zamani. Akamkumbuka baba yangu.

Alikuja kwangu mchana na kusimama mlangoni. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa sababu wanangu watasoma. Baba akasema kutoka ndani, "Ingia, Mwalimu. Kaa."

"Aandike kwanza," nikasema. "Barua ile. Aiandike hapa, nikiona."

Akaandika. Alichukua nusu saa nzima, anafuta, anarudia, anauma kalamu. Nikachukua karatasi nikamsomea baba kwa sauti. Ilisema kwamba kwa ujumla usalama uliimarika, ingawa baadhi ya waliorejea, akiwemo mhusika, walikutana na changamoto ambazo, kwa kuzingatia mazingira ya wakati ule, hazikuwawezesha kunufaika kikamilifu.

Baba alisikiliza hadi mwisho. "Sasa, anasema niliweza kukaa, ao sikuweza?"

"Papa, hajasema."

Mwalimu alikuwa anatazama sakafu. Hakuwa tena na cheo wala mhuri wala chama, hakukuwa na mtu wa kumwogopa katika chumba kile isipokuwa mimi, na bado sentensi moja nyoofu ilimshinda. Nilimdharau siku ile kuliko siku ya soda. Niliichana barua. Nilidhani mambo yameishia hapo, lakini baba alikuwa anatafuta viatu vyake.

"Batamuua kule, binti," akasema. "Hilo najua mimi."

Tukaenda Nakivale watatu. Ofisini alikuwepo mama mmoja wa Uganda, mwenye haraka lakini si mbaya. Baba akasimama mbele ya meza yake, mikono nyuma. "Huyu mutu ninamujua tangu zamani. Akirudia kwabo, batamuua." Yakaisha. Nusu saa haikuhitajika.

"Asante, mzee," yule mama akasema. "Sasa leta kadi yako."

"Sina."

"Iko wapi?"

"Ilichukuliwa siku ya kurudi kwetu."

Yule mama akaweka kalamu chini. "Pole, mzee. Hapana kadi, hapana ushahidi. Mimi siwezi andika mtu haiko kwa kompyuta."

Nikamgeukia Mwalimu. Kulikuwa na nafasi, nafasi ndefu, na yule mama alikuwa anatusikiliza. Angesema tu, "Hana kadi kwa sababu yangu." Baba hakumtazama. Nadhani hakutaka kumlazimisha.

Mwalimu akakohoa. "Madamu," akasema kwa ile sauti yake nzuri ya kanisani, "tusimusumbue muzee wetu. Nitatafuta mwingine."

Akatoka, na hakukawia kumpata, mkulima mmoja wa Juru ambaye hakuwahi kupita mbele. Kabla ofisi haijafungwa jina la Mwalimu liliandikwa. Baba aliniuliza kama wamemwandika, nikamwambia ndiyo, akasema ni vizuri. Kisha tukapanda gari kurudi Kakoba, na baba akaketi kiti cha nyuma kabisa, akavuta kofia hadi machoni, kwa sababu njia ile ina kizuizi cha askari.