Droni Inakuja, Tuangalie Juu

Binti wa kaka yangu alipoamua picha za harusi yake zipigwe ndani ya boti, hakuna aliyeniuliza maoni. Kwetu shangazi wa bibi harusi habanduki ubavuni mwake mpaka keki ikatwe. Akienda kanisani, naenda. Akienda majini, basi na mimi majini, mtu wa Yamumbi ambaye maji aliyoyazoea ni ya tangi.

Bwawa lenyewe liko nje kidogo ya Eldoret, na Jumamosi ile lilijaa boti kama steji ya matatu ya Langas asubuhi. Vijana walikuwa wanacheza muziki upande mmoja wa boti yao hadi inalala. Harusi nyingine ilikuwa inazungukazunguka na maputo. Dereva huyu ana simu mkononi, yule amegeuza shingo anapiga stori na abiria. Nilitafuta hata mmoja anayeangalia mbele, sikumpata, na wakati huo tulishaondoka ufuoni.

Angalau tulikuwa na jaketi za kuelea. Ya bibi harusi niliifunga mwenyewe, kila kamba. Tulipofika katikati, mpiga picha, aliyekaa mbele na mtambo wa kuendesha droni, akasema jaketi zinaficha nguo.

“Tuvue kidogo tu. Droni inakuja, tuangalie juu.”

Wakavua wote, bibi harusi wa kwanza. Gauni lake lilikuwa na kitambaa cha kushona mapazia ya nyumba nzima, na nilijua likilowa litamvuta chini kama gunia la mahindi. Kuogelea hajui. Mimi pia sijui.

Kisha nyuso zote zikainuka. Dereva wetu naye, mkono kwenye injini, akawa anatabasamia mawingu ili apatikane kwenye video.

Mimi peke yangu nilikuwa naangalia maji, ndiyo maana niliiona boti ya wale vijana ikitujia ubavuni, na dereva wake akiipungia droni yetu mkono. Nikisimama, tunapinduka. Kusogea siwezi, miguu yangu ilikuwa imezama ndani ya lile gauni. Nilimwita dereva wetu, muziki ukaimeza sauti yangu. Nikavua kiatu nikamrushia.

Kilimpata kifuani. Akashtuka, akaona, akakata kona. Tulipishana karibu sana, wimbi likatumwagikia, na wale vijana wakatupungia kwa furaha. Hawakujua lolote.

Nilinyakua jaketi nikamvisha mtoto wangu. Yeye alikuwa analia, na nilidhani ni kwa woga.

“Anti, umeniharibia,” alisema. Poda ilikuwa inamtiririka shingoni.

Mpiga picha aliangalia kioo cha mtambo wake, akatikisa kichwa. “Hii haiwezi kutumika. Mama anaonekana akirusha kiatu. Turudie, na tafadhali, bila jaketi.”

Turudie. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Nikamwambia binti, “Tushuke, mamangu. Hawa watu hawaangalii wanakoenda.”

Alijifuta macho, akaanza kufungua zile kamba moja moja.

“Wewe shuka tu, Anti. Dereva akurudishe ufuoni. Sisi tutamaliza.”

Alijua siwezi kumwacha. Dakika ile nilimchukia, na nikabaki nimekaa.

Video ilipotoka, ukoo mzima ulikusanyika sebuleni kwa kaka yangu kuitazama, na kila mtu akasema imetoka vizuri. Walinisifu hata mimi, eti nimetabasamu kama msichana. Hakuna aliyeuliza kwa nini mkono wangu mmoja hauonekani. Ulikuwa nyuma ya mgongo wa bibi harusi, umezungushwa mara mbili kwenye mkanda wa gauni, ili akizama tuzame wote.