Maelezo ya Bi Mwamvua

Hafsa Mtoro alikuwa na miaka kumi na mmoja ya kazi ya udadisi katika kituo cha utafiti wa afya huko Kibiti. Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye nyumba zilizofiwa, kukaa mkekani na kuuliza marehemu aliugua vipi, alipelekwa wapi, akahudumiwa na nani. Si kazi ya kila mtu. Lakini Hafsa, mzaliwa wa kijiji cha Mkongo, alijua kunyamaza mtu anapolia, na watu wa visiwa vya deltani walimpendea hilo.

Mwaka jana kazi ilimzidi. Maelezo thelathini na sita aliyoyaandika kwa mkono yalitakiwa yafupishwe ndani ya wiki moja. Kituo kiliruhusu wafanyakazi watumie akili mnemba kwa masharti: majina ya watu yasiingizwe, na kila muhtasari usomwe upya sambamba na daftari. Hafsa alitia saini. Majina aliyafuta yote. Kusoma, alisoma mihtasari kumi na miwili ya mwanzo, akaiona safi, iliyobaki akaiamini tu.

Katika hiyo iliyobaki ulikuwemo wa maelezo ya Bi Mwamvua. Binti yake, Salama, alishikwa na uchungu alfajiri, wakamteremsha ufukweni kabla jua halijatoka. Maji yalikuwa yamekupwa, mtumbwi umekaa juu ya tope. Wakangoja maji yajae mpaka adhuhuri, Salama amelazwa juu ya kanga kwenye mikoko. Alifia njiani, na mtoto tumboni. Hafsa aliyaandika yote hayo, kurasa nne. Mashine ikayafanya mstari mmoja: familia ilichelewa kumpeleka mgonjwa hospitali.

Kituo kiliporudi kijijini kwa Bi Mwamvua kusoma matokeo katika darasa la shule, msomaji alikuwa Ridhiwani, mkuu wa Hafsa. Kwenye kifo cha uzazi alisoma mstari ule bila kutaja jina la mtu. Lakini kijiji kile kilikuwa kimezika mjamzito mmoja tu mwaka ule, na darasa zima likageuka kumtazama Bi Mwamvua. Abdulazizi, mume wa Salama, ambaye siku ya msiba alikuwa shambani Ngorongo, akasimama taratibu.

"Mama," alimuuliza mkwewe, "kumbe mlichelewa?"

Bi Mwamvua alimgeukia Hafsa.

"Mwanangu, nilikwambia maji yamekupwa. Uliandika mbele yangu."

Hafsa alisimama, akasema huenda pameingia kosa, watalitazama. Hata yeye aliisikia sauti yake ilivyokuwa nyembamba. Daftari lilikuwa Kibiti, kabatini, na Abdulazizi alikwishatoka nje.

Waliporudi ofisini alilifungua, akalinganisha, akakuta mihtasari mingine minne imepotoka vilevile. Alimweleza Ridhiwani kila kitu bila kujitetea. Ridhiwani hakumkaripia. Alimuuliza tu kwa nini ile ishirini na minne hakuisoma, na Hafsa akajibu kwamba ilikuwa imeandikwa vizuri, vizuri kuliko anavyoandika yeye.

Ripoti iliondolewa. Kwa wiki tatu Hafsa alisoma upya madaftari yote, mstari kwa mstari, kisha wakarudi kijijini na maelezo yaliyosahihishwa. Safari hii waliokuja kusikiliza walikuwa wachache. Abdulazizi hakuwepo, alikuwa amemchukua mtoto mkubwa aliyezaa na Salama, aliyekuwa akilelewa na Bi Mwamvua, akampeleka kwa ndugu zake Ngorongo.

Hafsa alikwenda nyumbani kwa Bi Mwamvua, akaamkia, akaitikiwa. Akatandikiwa mkeka. Aliomba radhi, akasema kosa si la mashine, ni lake yeye aliyeacha kusoma.

"Radhi nimekupa," alisema Bi Mwamvua. "Lakini mimi sihojiwi tena, mwanangu. Si na wewe, si na mwenzio."

Hafsa bado yupo kituoni. Wageni wa kazi hupelekwa kwake wafundishwe, naye huwasimulia habari hii bila kujipunguzia. Ngorongo amekwenda mara mbili na ile karatasi iliyosahihishwa. Mara ya kwanza hakumkuta Abdulazizi. Mara ya pili alimkuta, naye Abdulazizi akaipokea, akaisoma mpaka mwisho, akaikunja na kuitia mfukoni. Mtoto hajarudishwa.